Kizibo cha oili kilichokataa kufunguka: uzoefu wangu na fundi wa kando ya barabara, Katindo

Kama pikipiki yako ina kizibo cha oili kilichokaza hadi vidole vinauma, usimruhusu mtu akigongee tindo. Tafuta fundi mwenye subira. Mimi nilimpata mmoja hapa Goma, mtaa wa Katindo, mzee anayefanya kazi nje kabisa, juu ya mawe ya lava. Kazi yake nimeipenda kuliko ya gereji zenye ukuta na bati.

Nina pikipiki ya Kichina ya cc 125, yenye ile injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ambayo kila motari (mwendesha pikipiki za abiria) wa mji huu anaijua. Kizibo cha kutilia oili kiko kulia, ni cha plastiki, na kijiti cha kupimia kimeshikana nacho. Injini inabeba kama lita moja tu, na lita hiyohiyo inalainisha pistoni, gia na klachi pamoja. Ndiyo maana sisi tunaobeba abiria kutwa nzima hatuwezi kuahirisha vidanji, yaani kubadilisha oili. Oili ikichoka, kila kitu ndani kinachoka nayo.

Tatizo lilianzia gereji nyingine, ambayo sitaitaja. Kijana aliyenifanyia vidanji mara ya mwisho alifunga kizibo kwa koleo. Kizibo hicho hufungwa kwa vidole! Kinachozuia oili isitoke ni raba ya duara iliyo chini yake, wala hakihitaji nguvu. Ukikikaza kwa chuma, raba inabanwa kupita kiasi, kisha joto la injini linaikausha mpaka inagandamana na alumini. Ongeza vumbi letu. Lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na hadi leo tunaendesha juu yake, inasagika chini ya matairi. Vumbi hilo jeusi likichanganyika na oili kidogo inayovuja, linajaza mfereji wa kizibo na kugeuka kama saruji.

Mafundi wawili wa karibu na nyumbani walipokiona walitaka kukivunja. Nikakataa, nikaenda Katindo.

“Papa, wenzako wanasema tuvunje, tununue kingine.”

“Hapana, mwanangu. Tukivunja, vipande vitaangukia wapi?”

Swali hilo lilinitosha. Plastiki ikivunjika, vipande huangukia ndani, upande uleule wa klachi na pampu ya oili. Kuvitoa maana yake ni kufungua kifuniko kizima cha kulia na kununua pakingi mpya, na siku ya kazi imekwisha.

Alichofanya kwanza ni kusafisha. Alichukua mswaki wa zamani na petroli kidogo, akasugua mfereji wote hadi rangi ya alumini ikaonekana. Akapuliza WD-40 kuzunguka ukingo, akaacha iingie taratibu huku akikaza mnyororo wa pikipiki ya mteja mwingine. Baadaye akaniambia niwashe injini kwa dakika chache, ipate joto bila kuchemka, ili raba ilainike. Injini ilipozimwa, akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akakizungusha kwenye kizibo, akakishika kwa kiganja kizima.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Hakuanza kufungua. Alikisukuma kwanza upande wa kukaza, kidogo sana, hadi kikalia “tak”. Kisha akageuza kinyume cha saa, nacho kikafuata. Ule msukumo wa kwanza ndio ulioachanisha raba na chuma. Kizibo kilitoka kizima, mabawa yake yamechubuka tu pale koleo la yule kijana lilipouma.

Kuna jambo jingine alilolifanya ambalo naona ndilo kipimo cha fundi wa kweli: hakugusa boliti ya chini, ile ya kumwagia oili, kabla kizibo cha juu hakijafunguka. Fikiria umekwisha kumwaga oili yote, halafu unakuta pa kutilia hapafunguki. Pikipiki inabaki palepale, haina oili wala haiwezi kuwashwa. Nimeona wenzangu wakisukuma pikipiki kutoka mtaa wa Ndosho kwa sababu ya haraka hiyo.

Boliti ya chini nayo ilikuwa ngumu, ila si sana. Ni ya chuma ndani ya alumini, na metali hizi mbili zikikutana na maji hulana. Tena mvua yetu si maji matupu. Watu wa Rusayo na upande wa Sake, magharibi mwa mji, wanajua jinsi moshi wa Nyiragongo unavyofanya mvua iwe na asidi na mabati yatoboke mapema. Kwa boliti hii joto lilisaidia kwa namna nyingine: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo injini ikiwa na joto tundu linalegea kidogo. Alitumia soketi ya 17 yenye pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili aliiweka pembeni, akasema hiyo hushika ncha za boliti na kuzila, ya pembe sita hushika ubavu. Akagonga kichwa cha boliti polepole kwa nyundo ndogo ili kutu iachie, akavuta, ikafunguka. Anayelala chini ya injini aangalie sana: kinyume cha saa huhesabiwa kwa jicho linalokitazama kichwa cha boliti. Wengi hukaza wakidhani wanafungua, ndipo hesi (meno ya tundu) za alumini zinapokatika.

Wakati wa kufunga aliweka rondeli mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia oili isivuje, akaanza kwa vidole, akamalizia kwa kle (spana) fupi. Kabla ya kutia oili niliyoleta alisoma chupa, akitafuta maandishi JASO MA. Ni kiwango cha Wajapani kwa pikipiki ambazo klachi yake imezama ndani ya oili. Oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na ukizitumia klachi huanza kuteleza, hasa ukipanda na mzigo. Alipima akiwa amesimamisha pikipiki wima, kijiti kimekaa tu bila kuzungushwa.

Nilimlipa faranga elfu kumi za Kongo. Ni zaidi ya vidanji vya kawaida, nami nilitoa kwa moyo mweupe.

Yasiyonipendeza yapo. Hana kivuli, mvua ikinyesha kazi inasimama. Foleni yake ni ndefu asubuhi, na hakubali kuharakishwa hata ukimwambia abiria wanakungoja. Vipuri karibu hana kabisa, utatumwa mtaa wa Birere na kurudi.

Lakini nampa alama za juu kwa jambo ambalo wengi hawaliangalii: oili chafu hamwagi chini. Anaikusanya kwenye bidoni (dumu) na kuifunika. Mwamba wetu umejaa nyufa, na chochote tunachomwaga kinateremka kuelekea Ziwa Kivu, tunakochota maji ya kunywa. Inaniuma kila nikipita gereji na kuona lava inang’aa kwa oili. Natamani mafundi wote wa mji huu wangefanya kama yeye.

Ukienda, nunua kwanza raba ya kizibo na rondeli ya shaba, ukaziweke mfukoni, hazigharimu kitu. Fika na injini iliyopoa, maana atataka kusafisha kabla ya kuwasha. Na kizibo kikishatoka, mwombe akifunge mbele yako kwa vidole. Mimi changu sasa nakifungua mwenyewe kila asubuhi nikipima oili, bila kle yoyote.