Medali za Babu Keya: uzoefu wangu wa kuziomba nikiwa Mwanza

Babu yetu alifariki mwaka 1983 bila kuvaa medali hata moja. Burma, Myanmar ya siku hizi, alikwenda kupigana Vita vya Pili vya Dunia, hilo ukoo mzima unalijua. Mvua ikinyesha usiku alikuwa anaamka na kukaa mlangoni mpaka ikatike, kwa sababu mvua ya kule, alisema, haikuwa na kukatika. Wajukuu tulimwita Babu Keya, kama walivyoitwa wazee wengi waliotumikia King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki.

Naandika kwa ajili ya familia zenye mzee kama huyo kaburini na karatasi zake kwenye tranka.

La kwanza ni la pesa. Huduma yenyewe ni bure. Medali ambayo askari aliistahili na hakupewa, Ofisi ya Medali ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, iliyoko Gloucester, humpa ndugu wa karibu bila malipo. Fomu iko kwenye tovuti ya serikali yao. Unaipakua, unaijaza, unaituma na nakala za vielelezo. Sisi hatukujua. Tulianzia kwa mtu mmoja hapa mjini aliyejitambulisha kuwa anashughulikia "mafaili ya Keya". Alitaka laki tatu na nusu, akaahidi kwamba nyuma ya medali kuna fidia ya mamilioni. Tukampa laki mbili za kuanzia, pesa ya mbuzi wa shangazi. Baada ya wiki tatu simu yake haikupatikana tena. Jamani, medali haiji na fidia wala pensheni. Mtu akikutajia mamilioni, ondoka hapo hapo. Hizo laki mbili zinaniuma mpaka leo, maana mimi ndiye niliyempeleka shangazi kwake.

Tuliporudi kwenye njia iliyonyooka, kilichotubeba ni karatasi moja: cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, cha mwaka 1946, kilichokunjwa mara nne na kuliwa na panya kwenye kona. Kina namba yake ya jeshi, batalioni yake na medali anazostahili. Bila hicho sijui tungesimamia wapi. Usijipe moyo kwamba Uingereza wana faili la kila askari wa Keya kabatini; kumbukumbu za askari wa kawaida wa huku kwetu si kitu cha kuagiza kwa jina ukaletewa. Kwa hiyo, kabla hujagusa fomu, nenda kijijini ukafungue tranka. Kagua chini ya godoro la bibi, na Biblia au msahafu wa zamani uupekue kurasa zote. Ukikipata, kipige picha pande zote mbili, na cha asili usimkabidhi mtu yeyote.

Cheti kinasema Batalioni ya 36. Hiyo ilikuwa ya Tanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, yule mnyama wa porini. Mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, kwenye tope na malaria, chakula wakidondoshewa na ndege. Mwanzoni mwa Desemba mji wa Kalewa ukawa mikononi mwao, na baada ya siku chache wahandisi wakatandika daraja la vyuma juu ya mto Chindwin, zaidi ya mita 350. Babu alikuwa anatupimia daraja hilo kwa miti ya shambani: kutoka hapa mpaka ule mwembe, halafu urudie, halafu urudie tena. Tulidhani anaongeza chumvi. Nimekuja kuona kwamba kama alikosea, alipunguza.

Sehemu iliyotusumbua zaidi haikuwa Uingereza. Fomu inauliza nani ndiye ndugu wa karibu kisheria, na kuna mpangilio wake: mwenzi wa ndoa aliye hai, asipokuwepo mtoto mkubwa aliye hai, na kuendelea. Bibi alishafariki. Baba yangu naye hayupo. Mtoto mkubwa aliyebaki ni shangazi, anayeishi Sengerema. Baba zangu wadogo wawili hawakukubali. Walisema vitu vya vita ni vya wanaume, vikae kwenye mji wa babu, na mwanamke aliyeolewa hawezi kupokea heshima ya ukoo. Tulikaa vikao viwili. Cha pili nilivuka daraja la Kigongo-Busisi asubuhi na mapema kumfuata shangazi, naye njia nzima hakusema neno. Tulipofika aliwasikiliza wote, kisha akauliza, "Baba alipoumwa miaka ile miwili, ni nani aliyekuwa anamwogesha?" Hapakuwa na wa kujibu. Baba mdogo ndiye aliyechukua kalamu akampa.

Naipenda fomu hii kwa jambo hilo moja. Haiulizi kama huyo mtoto mkubwa ni wa kike au wa kiume.

Vielelezo vya hapa nchini vilikuwa na hatua zake. Babu hakuwa na cheti cha kifo, ikabidi tusajili kifo kwa kuchelewa, tukianza na barua ya mtendaji. Halafu jina. Karani wa jeshi aliliandika alivyolisikia, akaacha herufi moja katikati na kugeuza nyingine mwishoni. Wakili akatuandalia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na karatasi za Kiswahili tukaziambatanisha na tafsiri ya Kiingereza. Fanyeni hivyo mapema; herufi moja inatosha kusimamisha kila kitu.

Baadaye Ofisi ya Medali ikatuandikia swali: je, medali ziliwahi kumfikia? Swali hili lina uzito. Aliyepewa akazipoteza hatendewi sawa na ambaye hakupewa kabisa. Baba mdogo mmoja alitaka tuandike tu "hapana" yaishe. Nikakataa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Nilimrudia shangazi. Akakumbuka babu akisimulia kwamba siku ya kuachishwa aliambiwa medali zitafuata, arudi nyumbani asubiri, na akasubiri. Nikaja kuelewa kwamba inaingia akilini: medali za vita ile zilianza kugawiwa miaka kadhaa baada ya mapigano kuisha, askari wameshatawanyika vijijini. Kuandikwa kwenye cheti kulikuwa ni kustahili, si kupokea. Tuliandika maneno ya shangazi kama alivyoyasema.

Kutoka kutuma fomu mpaka kuitwa posta ilipita miezi kumi na moja. Kifurushi ni kidogo, unakibeba kwa mkono mmoja. Ndani zilikuwa tatu: Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Burma, na Medali ya Vita. Nyota zina ncha sita, rangi kama ya shaba. Utepe wa Burma una mstari mpana mwekundu katikati na rangi ya chungwa iliyozungukwa na buluu nzito kila upande. Medali ya Vita ni ya mviringo, upande mmoja Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili.

Shangazi alizigeuza moja moja, mbele na nyuma. "Jina lake liko wapi?"

Halipo. Uingereza haikuchonga majina kwenye nyota hizi, na ndiyo maana mtu yeyote anaweza kununua zinazofanana mtandaoni akasema ni za babu yake. Ukiniuliza, hiyo ndiyo kasoro pekee niliyoiona kwenye huduma nzima, na kwa familia kama yetu si ndogo. Barua iliyokuja nazo ndiyo inayoonyesha ni za nani, kwa hiyo itunzeni pamoja nazo.

Tulikwenda Makoroboi kwa fundi wa mihuri atuchongee kibati cha kuweka chini ya fremu: jina, namba ya jeshi, Batalioni ya 36. Elfu kumi na tano. Fundi alipomaliza, shangazi alinipa kibati nimsomee herufi moja baada ya nyingine, polepole, kabla hajalipa. Jina la baba yake lilishakosewa mara moja.