Fender Hot Rod Deluxe ya mtumba: sauti ikizama, usikimbilie valvu

Kwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam anayetaka amplifaya ya valvu bila kuuza shamba, Hot Rod Deluxe iliyokwisha kutumika ni chaguo zuri, mradi ajue inavyougua. Ina wati 40, valvu mbili za nguvu aina ya 6L6, tatu ndogo za 12AX7, na spika moja ya inchi 12. Uzito wake ni kama kilo 20, kwa hiyo bodaboda siyo usafiri wake. Ilianza kuuzwa 1996, na toleo la nne lilitoka 2018. Chaneli safi ndiyo sababu ya kuinunua: inang'aa, inapokea pedali vizuri, na inajaza ukumbi wa dansi au kanisa la kawaida bila kuwekewa maiki. Chaneli ya Drive ni kali na imekauka. Pedali nzuri ya overdrive inaishinda.

Lalamiko kubwa ni sauti kuzama. Unapiga, ghafla inashuka hadi nusu, unaigonga, inarudi. Muuzaji atakwambia valvu zimechoka, na seti nzima ya valvu si pesa ndogo, tena za uhakika huagizwa nje. Kwa ampu hii, valvu ziwe za tatu kushukiwa.

Mshukiwa wa kwanza yuko kwenye matundu mawili ya kuunganishia pedali, PREAMP OUT na POWER AMP IN. Tundu la POWER AMP IN lina ulimi mdogo wa chuma ndani. Pasipo plagi, ulimi huo ndio daraja la sauti kati ya sehemu ya mbele ya ampu na sehemu ya nguvu. Watu wengi hawatumii matundu haya kabisa, hivyo ulimi unakaa miaka bila kusuguliwa. Kwa unyevu na chumvi ya Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni, unashika kutu nyembamba isiyoonekana na sauti inapita kwa shida. Kupima ni kazi ya dakika moja: chukua waya mfupi wa pedali, uunganishe PREAMP OUT na POWER AMP IN. Sauti ikirudi kamili, umempata mwizi. Zima ampu, chomoa umeme, pulizia dawa ya kusafishia kontakti (ile isiyoacha mafuta), kisha ingiza na kutoa plagi mara 20 hivi. Fanya hivyo pia kwenye matundu ya gitaa. WD-40 ya kawaida siyo dawa ya kontakti. Inaacha utando unaokusanya vumbi. Ulimi ukiwa umelegea, dawa haitasaidia. Badilisha jeki (tundu lenyewe), na hadi hapo huo waya mfupi unaweza kubaki mahali pake hata kwenye shoo.

Kabla ya hapo, hakikisha gitaa liko kwenye INPUT 1. INPUT 2 imepunguzwa nguvu kwa makusudi, na wapo wanaoita ampu mbovu kwa sababu hiyo tu.

Mshukiwa wa pili ni rezista mbili nyeupe za omu 470, wati 5, zinazojulikana kwenye mchoro wa saketi kama R78 na R79. Kazi yake ni kushusha umeme kwa ajili ya volti 16 chanya na 16 hasi zinazoendesha rilei (swichi za umeme) za kubadili chaneli pamoja na saketi ya riverbu, yaani mwangwi. Zinachemka mno, na zimelaliana na ubao. Joto likipanda na kushuka kila siku, risasi ya kulehemu kwenye miguu yake inapasuka. Dalili zake hazifanani na za jeki: ampu inafanya kazi vizuri dakika 20 au 30, kisha chaneli inajibadili yenyewe, riverbu inakufa, taa ya chaneli inafifia, sauti inakatika. Ikipoa inapona. Ukiona hivyo usinunue valvu hata moja.

Marekebisho yenyewe ni rahisi, ila humo ndani mna zaidi ya volti 400, na kapasita hushikilia umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi anayejua simu na redio tu asiguse kabla ya kuelewa hilo. Chomoa, kisha punguza chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya omu 10,000, wati 5, iliyoshikwa na koleo lenye mpira kati ya chanya na chasisi kwa sekunde 10, halafu pima kwa multimita hadi usome chini ya volti 10. Ndipo utoe risasi ya zamani ya kulehemu, usafishe, uweke rezista mpya zikiwa zimeinuliwa milimita 5 hadi 8 kutoka kwenye ubao ili hewa ipite. Ubao ukiwa umeungua na njia ya shaba imenyanyuka, ungia kipande cha waya. Rezista hizi ni za bei ya chini, na maduka ya vipuri vya elektroniki Kariakoo ndiyo pa kuanzia.

Hapo pakiwa salama, igawe ampu mara mbili. Ingiza muziki kutoka kwenye miksa au simu moja kwa moja kwenye POWER AMP IN, ukianza na sauti ya chini. Muziki ukitoka kwa nguvu na safi, sehemu ya nguvu na spika ni nzima. Tatizo liko mbele. Ukitoka dhaifu, tafuta nyuma, yaani kwenye sehemu ya nguvu. Kinyume chake, toa PREAMP OUT ukaingize kwenye miksa usikie.

Tatizo likiwa mbele, badili 12AX7 moja moja kwa moja unayojua ni nzima, ukianza na iliyo karibu na tundu la gitaa. Likiwa nyuma, anza na 12AX7 ya tatu, halafu 6L6. Valvu ambayo doa la fedha juu ya kioo limegeuka jeupe kama maziwa imeingiza hewa, itupe. 6L6 moja ikifa, ampu inaendelea kulia lakini kwa sauti ndogo, chafu, na mvumo. Mara nyingi rezista ya omu 470 kwenye soketi yake nayo imeungua, kwa hiyo ipime kabla ya kuweka valvu mpya. Nunua 6L6 kwa jozi zilizolinganishwa, kisha weka baiasi (kiasi cha umeme unaopita kwenye valvu hizo ampu ikiwa kimya): milivolti 60 kwenye kituo cha kupimia TP30. Bamba la ndani ya valvu likiwa jekundu, zima papo hapo.

Umeme nao una lawama zake. Ampu ya volti 230 ikipewa 190 jioni viyoyozi vinapowaka mtaani, nyuzi za joto za valvu zinapata kama volti 5.2 badala ya 6.3, na sauti inakuwa nyembamba bila kifaa chochote kuharibika. Pima soketi ya ukutani kwanza. Stabilaiza ya VA 500 inatosha. Iliyoletwa kutoka Marekani kwa volti 120 inahitaji transfoma halisi ya kushushia, isiyopungua VA 300.

Usihesabu kuwa ubovu tabia ya matoleo ya zamani, ambapo ukizungusha kitufe cha sauti inalipuka kati ya 1 na 3 na baadaye haiongezeki sana. Ni potenshometa tu, kile kifaa kilicho nyuma ya kitufe. Nyumba ya kupanga Sinza itaumia nayo, lakini ampu ni nzima.

Unapokwenda kuinunua, beba waya mfupi na multimita. Iache iwake nusu saa ukipiga. Ampu imezimwa na imechomolewa, toa plagi ya spika uipime: spika ya omu 8 itasoma takriban 6 hadi 7. Irudishe kwenye tundu kuu kabla ya kuwasha, kwani ampu ya valvu haipigwi bila spika. Ugonjwa wa jeki au wa zile rezista mbili ni sababu ya kushusha bei. Transfoma ya spika iliyokatika upande mmoja ni sababu ya kuaga na kuondoka.