TAHADHARI: Tapeli wa "safari ya picha" Rocky Mountain, Septemba na Oktoba

Wadau wa kamera mlioko Marekani, hasa mnaojipanga kwenda Colorado majani yakianza kugeuka rangi, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili akiuza kifurushi cha siku tatu Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain. Milima alfajiri, elki (wale kulungu wakubwa) wakati wa kupandana, malazi Estes Park (mji ulio mlangoni mwa hifadhi), na "kibali cha hifadhi kimeshalipiwa". Dola 480 kwa kichwa, nusu unatanguliza kwa Zelle (njia ya kutuma hela papo hapo kutoka benki hadi benki). Kiswahili anakiongea vizuri, mara shikamoo mama, mara karibu kaka, na voisi hazimwishi. Jina simtaji kwa kuwa analibadilisha kila mara, na namba vilevile. Mtamjua kwa tangazo.

Mwenzetu wa Houston na mkewe wamelizwa. Walifika geti la Beaver Meadows na PDF yenye msimbo wa kuskani. Askari wa hifadhi akauskani, akauskani tena, akaomba kitambulisho, kisha akawageuzia kifaa chake waone wenyewe: jina la mtu mwingine, tarehe ya Julai. Jamaa alichukua kibali halali cha mgeni fulani akakiuza kama kilivyo, tarehe tu ndiyo aliyoichezea kwenye karatasi. Wakampigia, simu inaita tu. Kufika mchana wameshablokiwa. Hotelini hawana hata nafasi kwa jina lao, na wikiendi za Septemba Estes Park hujaa, ikabidi warudi kulala mji wa Loveland.

Sasa litazameni lile tangazo kwa jicho la mpiga picha. Picha ya juu kabisa ni mlima mweupe unaojitazama kwenye maji tulivu, miti ya njano kando, na kifuani mwa mlima barafu yenye umbo la kikaango na mpini wake. Huo ni Mount Moran, umepigwa Oxbow Bend kwenye mto Snake, Grand Teton. Ni Wyoming hiyo, jamani! Anauza Colorado kwa picha ya jimbo jingine.

Halafu ahadi zenyewe. Anasema mtarusha droni juu ya bonde: droni zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa za Marekani tangu 2014. Anasema mtatembea kwa miguu kati ya elki alfajiri pale Moraine Park na Horseshoe Park: kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, mabonde hayo hayakanyagwi kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 4 asubuhi, unakaa barabarani na lenzi yako ndefu. Anasema atawaita madume kwa filimbi na kuwamulika kwa tochi usiku. Vyote viwili haviruhusiwi. Yaani hata angekuwa mkweli, mngetoka huko na faini. Mtu aliyewahi kuongoza wageni pale hawezi kuandika tangazo la namna hiyo.

Hicho kibali anachokiuza dola 60 peke yake, kwa wasiotaka kifurushi, ni kibali cha saa, yaani cha kuingia hifadhini kwa muda uliochagua. Kinapatikana Recreation.gov, tovuti ya serikali, kwa dola 2, na hakiruhusiwi kuuzwa tena. Kiingilio cha gari kwa siku kinalipwa mbali. Mwaka 2025 kilikuwa dola 30. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wapiga picha wengi hata hawakihitaji. Kwa utaratibu wa 2025, ukiacha eneo la barabara ya Bear Lake (Moraine Park imo humo), kibali cha saa kilidaiwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ukiingia geti la Fall River kabla jua halijachomoza, Horseshoe Park unaifikia bila kibali cha saa. Angalieni tovuti ya hifadhi kwa mwaka wenu, maana hubadilika. Na elki wenyewe hushuka mpaka mjini Estes Park, wanalala kwenye uwanja wa gofu na madume yanalia usiku kucha, hapo hulipi hata senti.

Waongozaji halali wapo. Anayefanya biashara ndani ya hifadhi lazima awe na idhini ya hifadhi, na tovuti ya hifadhi ina orodha ya walioidhinishwa. Mwombeni jina la kampuni, mlitafute humo. Huyu bwana alipoulizwa alijibu, "Kaka, sisi ni wa nyumbani, huniamini?"

Kwa mliokwisha tuma: pigeni benki leo, msisubiri kesho. Zelle ni ngumu kurudisha kwa sababu umetuma kwa mkono wako, lakini taarifa ya mapema husaidia akaunti yake kufungwa. Ripotini pia ReportFraud.ftc.gov (tume ya serikali inayolinda wateja) na ic3.gov (kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni), na mhifadhi skrinshoti za mazungumzo kabla hajayafuta.

Ana kundi jingine amelipangia wiki ya kwanza ya Oktoba. Kama umo, pigia hoteli mwenyewe sasa hivi, kwa namba ya kwenye tovuti yao na si ile aliyokupa yeye, uulize kama jina lako lipo.