Kubadilisha paa bapa la zege linalovuja: kipi kinunuliwe kwanza, na kipi kiachwe dukani

Katika miji ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, nyumba nyingi za zamani ziliongezewa jiko, bafu au chumba kwa nyuma, na nyongeza hiyo ikafunikwa kwa zege bapa kwa sababu mwenye nyumba alitarajia kupandisha ghorofa baadaye. Ghorofa haikujengwa. Nondo za nguzo zilibaki zimechomoza juu, na zege lililokusudiwa kuwa sakafu likawa paa, likipigwa na jua la mchana, chumvi ya bahari na mvua za masika. Zege la kawaida hupitisha maji polepole hata pasipokuwa na ufa unaoonekana, na maji yakiifikia nondo, nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo alama ya unyevu kwenye dari isichukuliwe kuwa suala la rangi.

Kabla ya kununua chochote, paa likaguliwe kutoka chini na kutoka juu. Gongagonga zege kwa nyundo ndogo: panapotoa sauti ya uwazi, zege limeachana na nondo. Ukiona nondo iko nje, vipande vya zege vinadondoka au paa limebonyea katikati, mwite mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa hakuna utando wa kuzuia maji unaoweza kuimarisha zege lililochoka. Hakikisha pia kwamba maji ni ya mvua kweli. Tangi lililokaa juu ya paa na bomba lake, au mfereji wa kiyoyozi, huweza kulowesha dari hata wakati wa kiangazi, na tatizo hilo humalizwa na fundi bomba kwa gharama ndogo.

Jambo la kwanza la kununua, mbele ya bidhaa yoyote nitakayoitaja, ni mteremko. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei. Kwenye paa la mita 4 kwa 6, mvua ya milimita 10 tu ni lita 240 za maji. Maji hayo yakikosa njia, hutuama, na maji yaliyotuama hutafuta kiungo dhaifu usiku na mchana. Kipimo cha chini kinachokubalika ni kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 80, lakini wakati wa kupanga kazi ni busara kulenga sentimita 1 kwa kila 40, maana mkono wa fundi hauwi sawasawa kama mchoro. Mteremko hutengenezwa kwa tabaka la mchanga na sementi juu ya zege, na tatizo ni uzito: kila sentimita 5 za tabaka hilo huongeza takriban kilo 100 kwa mita mraba. Ndiyo maana tabaka kuukuu la aina hiyo, kama lipo, livunjwe na kuondolewa kwanza, na matundu ya kutolea maji yawekwe karibu, ili maji yasafiri mita 2 badala ya 4 na tabaka la mteremko liwe jembamba. Matundu yawe mawili walau, kwa kuwa moja huzibwa na majani ya mwembe wa jirani siku ileile ya mvua kubwa.

Mteremko ukishapatikana, chaguo langu la kwanza kwa nyumba nyingi ni utando wa lami unaobandikwa kwa moto wa gesi, wenye unene wa milimita 4 na uso wa chembechembe za mawe. Chembechembe hizo hukinga lami dhidi ya jua. Utando mweusi mtupu ukiachwa wazi hukauka na kupasuka mapema. Roli moja ina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, lakini baada ya kupandanisha kingo kwa sentimita 10 hufunika karibu mita mraba 9, kwa hiyo paa la mita mraba 24 litahitaji roli 4 ukijumlisha sehemu zinazopanda ukutani. Sehemu hizo ndizo zinazoamua kazi yote. Utando upandishwe ukutani angalau sentimita 15 juu ya paa lililokamilika, uingizwe kwenye mfuo uliochongwa ukutani na kufungwa juu yake, na pembe ya paa na ukuta ilainishwe kwanza kwa sementi ili utando usikunjwe kwa pembe kali. Pale nyongeza inapokutana na ukuta wa nyumba kuu ndipo uvujaji mwingi huanzia, kwa sababu majengo mawili yaliyojengwa nyakati tofauti hutembea tofauti. Mwulize fundi atafanya nini hapo, na asipokuwa na jibu la wazi, tafuta mwingine.

Utando wa lami hushindwa mahali pamoja: paa lenye vitu vingi vilivyochomoza. Kama kuna nguzo nne zenye nondo, mabomba na miguu ya tangi, kila kimoja ni kipande cha kukata na kuunganisha. Hapo kimiminika cha poliurethani, aina ya plastiki inayopakwa kwa brashi pamoja na kitambaa cha nyuzi katikati ya tabaka, hushika nafasi ya kwanza kwa kuwa hukauka kikiwa ngozi moja isiyo na kiungo. Bei yake ni ya juu, na hakivumilii zege lenye unyevu. Mvuke ukinaswa chini yake huinua malengelenge. Kipimo rahisi ni kubandika kipande cha nailoni angavu juu ya zege kwa gundi ya utepe pande zote, kukiacha usiku kucha, na kutazama asubuhi kama kuna matone upande wa ndani. Nondo zisizotumika zikatwe chini ya uso wa zege na kuzibwa kwa sementi ya marekebisho kabla ya kupaka. Najua wengi huzihurumia, lakini nondo iliyokaa mvuani miaka ishirini haifai tena kubeba ghorofa pasipo mhandisi kuikagua.

Nafasi ya tatu naipa paa jipya la mabati juu ya zege. Huleta kivuli na kupunguza joto la chumba, faida kubwa pwani. Hata hivyo bati la mawimbi linahitaji mteremko wa digrii 10 hivi, yaani sentimita 70 kwa paa la upana wa mita 4, na mara nyingi kimo hicho hugonga paa la nyumba kuu au dirisha. Kama nafasi ipo, chagua geji 28 badala ya 30 (namba ndogo ni bati nene zaidi), na karibu na bahari chagua lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki.

Sementi ya kuzuia maji inayonyumbulika ni nzuri chini ya vigae, kwa anayetaka kukaa juu au kuanika nguo, lakini vigae vikishawekwa kasoro haionekani tena wala haifikiki. Rangi ya akriliki naiweka mwisho. Hulainika chini ya maji yaliyotuama na hudai kurudiwa kila baada ya miaka michache. Lami ya kuchemsha iliyomwagwa peke yake isinunuliwe kabisa.

Kazi ifanywe Januari na Februari, au wakati wa kipupwe kuanzia Juni, zege likiwa kavu. Katika makubaliano ya maandishi, bakiza sehemu ya malipo hadi jaribio la maji: matundu yanazibwa, maji ya kina cha sentimita 3 yanaachwa juu kwa saa 24, na dari inakaguliwa. Kina hicho huongeza kilo 30 kwa mita mraba, hivyo jaribio lisifanywe kwenye zege ambalo mhandisi amelitilia shaka. Hapo mwagilia kwa mpira, sehemu moja baada ya nyingine, ukianzia upande wa chini wa mteremko.