Uzoefu wangu na SmartShunt kwenye Land Cruiser ya kulala porini

Nilichofunga ni Victron SmartShunt ya ampea 500, kifaa kinachopima umeme unaoingia na kutoka kwenye betri na kuuonyesha kwenye simu kwa Bluetooth. Kiko kwenye betri ya pili ya Land Cruiser yenye hema juu ya paa: AGM (betri ya asidi iliyozibwa) ya 100Ah, yaani ampea-saa, friji ya kompresa na paneli ya sola. Ampea na volti inasoma vizuri mno. Asilimia ya chaji ndiyo ya kuangalia kwa jicho la pili, kwa sababu hiyo haipimwi, inakokotolewa, na ukifunga vibaya au ukiacha mipangilio ya kiwandani, hesabu inapotea.

Tuanze na waya. Upande ulioandikwa BATTERY MINUS unaingia waya mmoja tu, ule wa hasi ya betri. Hasi ya friji, ya inveta, ya chaja ya sola na waya wa bodi ya gari vyote vinakaa SYSTEM MINUS. Waya hata mmoja ukibaki umeng'ang'ania kichwa cha betri, umeme wake haupiti kwenye shanti, yaani hicho kifaa, na hauhesabiwi. Ndiyo maana unakuta simu inasema 95% na friji imeshazima. Kujua ni rahisi: zima kila kitu, ampea ziwe karibu na sifuri, kisha washa friji peke yake. Kompresa ikizunguka lazima uone kama -3 hadi -5. Namba isipotikisika, tafuta waya uliopita njia ya mkato.

Kwenye programu yake ya simu, uwezo wa betri huja umeandikwa 200Ah. Andika wa kwako. Halafu kuna volti ya kuhesabu kwamba betri imejaa, inakuja 13.2. Hapa ndipo sola inapoleta uongo. Saa tano asubuhi betri iko nusu, sola inaisukuma hadi 13.6, wingu linapita, ampea zinaanguka chini ya 4% ya uwezo wa betri kwa dakika tatu. Kifaa kinaona masharti yote yametimia na kuruka hadi 100%. Chaja yangu inapanda hadi 14.4, kwa hiyo nimeweka 14.1, ampea za mwisho 2%, muda dakika 5. Usiweke 14.4 yenyewe, la sivyo inaweza isifike kabisa na hesabu isirekebishwe hata siku moja.

Sasa lile onyo linalosumbua watu wengi: friji inalia volti ndogo na betri imejaa. Kompresa nyingi za friji hizi ni Secop BD35F, jina la zamani Danfoss. Mpangilio wake wa kawaida unazima kwenye 10.4 na kurudi kwenye 11.7. Taa ya hitilafu ikimweka mara moja ni volti ndogo, mara mbili feni inakula umeme kupita kiasi, mara tatu mota imeshindwa kuanza, mara nne inazunguka polepole mno, mara tano kisanduku cha umeme kimepata joto. Ikimweka mara moja, soma volti ya shanti kwenye simu, kisha pima kwenye plagi ya friji kwa mita, kompresa ikiwa inazunguka. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayopotea kwenye waya. Usipime ikiwa imezima: bila ampea hakuna upotevu, waya mbovu utakuonyesha 12.6 safi kabisa.

Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 5 ni mita 10 kwenda na kurudi. Kwa ampea 5 unapoteza karibu volti 0.6, na kompresa inapoanza inavuta zaidi ya hapo. Ukiweka wa milimita za mraba 6, upotevu unashuka hadi 0.15. Weka fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na chanya ya betri, si kule nyuma kwenye friji. Plagi ya kiberiti cha sigara ikiwa ya moto ukiigusa, itoe uweke ya Anderson, plagi nene ya umeme mkubwa. Kununua friji nyingine kabla ya kugusa hiyo plagi ni kutupa hela.

Barabara ya Naabi Hill kwenda Seronera, huko Serengeti, kwa vile vijituta vyake, inalegeza nati yoyote. Boliti za shanti ni M10, mwisho wa kukaza ni 21 Nm. Baada ya kukaza napitisha mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye shaba. Mstari ukikatika, nati imezunguka.

Waya wa ziada wa Aux nimeupeleka betri ya kuwashia injini, na umelipa. Injini ikinguruma, Aux ikisoma 14.2 huku betri ya pili iko 12.5, alternata ni nzima. Kagua rilei au fyuzi iliyo kati ya betri mbili. Aux ikibaki 12.4 na taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka, angalia mkanda kwanza, kisha kaboni za alternata.

Nisichokipenda kwenye SmartShunt: haina kioo wala rilei, na onyo lake linatokea kwenye simu ukiwa umeifungua programu tu, kwa hiyo halikuamshi usiku. Kwa gari la kukodisha ningefunga BMV-712, ndugu yake wa Victron mwenye kioo, dereva asome bila simu. Na ule waya mwembamba mwekundu unaokipa kifaa umeme kutoka chanya ya betri una fyuzi ya ampea 1. Ikikatika, kifaa kinapotea kabisa kwenye Bluetooth na unaweza kudhani kimekufa. Beba mbili za akiba.