Miezi 18 na kikundi cha wenzangu wa saratani ya titi

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, na mkono wangu wa kulia ndio unaolisha nyumba. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililonipeleka kwenye kikundi, na ndilo ninalokipimia.

Jina la kikundi sitaliandika. Wenzangu wengi hawajawaambia hata majirani wanachoumwa, na ukumbi wenyewe tunaazimwa. Ukitibiwa titi Dar es Salaam, muulize muuguzi wa kliniki yako. Huenda akakuelekeza kwetu au kwa kikundi kingine cha namna hii. Hapa nataka kusimulia huduma yenyewe ikoje, wapi imenifaa, na wapi imeniumiza.

Majibu ya kinyama, kile kipande kidogo kilichokatwa titini kwenda kupimwa, nilipewa Februari mwaka jana kwenye korido ya hospitali moja, nimesimama, watu wanapita na mafaili. Daktari alilitaja neno saratani mara moja, kisha akaingia kwenye ratiba: upasuaji, dripu za dawa ya saratani, mionzi, vidonge. Sikushika hata moja. Nilirudi nyumbani, nikakuta gauni la mteja limebaki pindo, nikalimalizia, nikampigia aje kulichukua. Siku nne sikumwambia mtu. Wifi yangu, aliyekuja kukaa kwetu wiki ile, ndiye aliyeniona silali, akanibana mpaka nikasema.

Mahali pa kwanza aliponipeleka hapakuwa kikundi hiki. Palikuwa sebuleni kwa mtu, tumekaa wanawake kumi na wawili, na baada ya maombi zikatolewa chupa za majani yaliyochemshwa, 35,000 kwa moja, na maneno kwamba kisu kinaichokoza saratani ikatawanyika. Nilikuwa na uvimbe wa sentimita tatu na hofu ya kukatwa. Nilinunua mbili. Nilizimwaga baadaye, lakini siku zile kumi nilizosubiri chupa zifanye kazi bado zinanichoma.

Kikundi hiki nilikipata kupitia muuguzi aliyeona sijarudi kliniki akanipigia simu. Kinakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi. Hakuna kiingilio. Wenye uwezo huchanga 2,000 za chai na maandazi, asiye nayo haulizwi. Mlangoni kuna daftari la kaunta ambamo unaandika namba ya simu, umri, titi la upande gani, umefanyiwa nini na unatumia dawa gani. Nilidhani ni ushushushu. Kumbe daftari lile ndilo moyo wa kazi yao. Jioni ya siku hiyohiyo muuguzi mstaafu anayekisimamia kikundi hulipitia na kukutafutia mtu mmoja aliyekwisha kupita njia yako hasa: upande uleule, upasuaji uleule, dawa zilezile, na ikiwezekana kazi ya mikono kama yako. Huyo anakuwa mwenzako. Anakupigia kesho yake.

Wangu alikuwa dada anayeuza samaki Feri na kukaa ng'ambo, Kigamboni. Alitolewa titi la kulia miaka mitatu kabla yangu. Alikuja kwangu Jumatano baada ya soko, ameshikilia mfuko wa changu watatu, akasalimia wote sebuleni, kisha akaniomba tuingie chumbani. Akafunga mlango.

"Nikuonyeshe, dada?"

"Nionyeshe, mdogo wangu."

Akashusha kanga, akafungua blauzi. Kovu lilianzia karibu na mfupa wa katikati ya kifua, likalala kuelekea kwapani, jembamba, limeiva. Mwisho wake, upande wa kwapa, ngozi ilikuwa imefanya kikunjo. Fundi yeyote anakijua kikunjo kile: hutokea ukishona kitambaa kirefu kwenye kifupi, ziada haina pa kwenda. Akachukua mkono wangu akauweka pale. Palikuwa pakavu, pana joto, na chini ya ngozi nilizigusa mbavu.

"Huku ganzi," akasema. "Hapa kwapani ndipo panavuta, hasa asubuhi."

Tangu nipewe majibu, kila nikifumba macho nilikuwa naona kidonda kilicho wazi, kinachotoa maji, kisichofunga. Nilichokiona kwa yule dada kilikuwa mshono. Nimeshona maisha yangu yote, mshono naujua. Usiku ule nililala, na Jumatatu nikarudi kliniki kuomba tarehe.

Nilimuuliza pia lile nililoshindwa kumuuliza daktari: nitashika mkasi? Alinijibu kwa mambo ya kazi yake. Ndoo iliyojaa anaibeba kwa kushoto, kwa kulia hubeba nusu. Akanieleza kwamba tezi za kwapani zikitolewa, maji ya mkono yanapungukiwa njia ya kurudi, na mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka, na kwamba kajeraha kadogo kakiingia uchafu kanaweza kuuanzisha uvimbe huo. Yeye huvaa glavu anapoparua samaki. Mimi akaniambia, "Kastabani, dada. Kila siku, hata ukishona kifungo kimoja." Miaka 22 ya kazi sikuwahi kuvaa kastabani, kile kikofia cha kidole cha kuzuia sindano. Sasa ninazo tatu, moja iko kwenye pochi.

Baada ya upasuaji, daktari aliporuhusu mazoezi, ndiye aliyenisimamia kutambaza vidole ukutani. Unasimama unaukabili ukuta, unapandisha vidole taratibu kama mjusi mpaka panapovuta, unahesabu, unashuka. Yeye alisema niweke alama, na mimi nina chaki ya fundi. Alama ya kwanza, ya Machi, iko usawa wa kidevu changu, na nilipoifikia nililia kwa maumivu. Ya mwisho, ya Mei 30, iko usawa wa juu ya fremu ya mlango. Mume wangu alipopaka chumba rangi Desemba alizunguka pale, akauacha ukanda ule na alama zake zote.

Kwenye dripu walinifaa kwa mambo madogo ambayo kipeperushi hakiyasemi vizuri. Kwamba ile dawa nyekundu itakufanya ukojoe mkojo wa rangi kama damu siku hiyo au ya pili, usipige kelele usiku. Kwamba nywele zitaanza kutoka kama wiki mbili au tatu baada ya dripu ya kwanza, kwa hiyo nyoa mwenyewe mapema, uchague wewe siku. Dripu nane, kila moja baada ya siku 21, na nne za mwisho zilinitia ganzi vidoleni hata sindano nikawa siihisi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu. Mwenzangu alisema kwake ilipungua polepole, ilichukua miezi minane, na akasisitiza nimwambie daktari ili aamue juu ya kipimo cha dawa. Nilimwambia, akakipunguza. Mionzi nilipigwa Ocean Road, na zile wiki za kushuka kituo cha Kivukoni kila asubuhi hadi hospitali nilisindikizwa na wanachama kwa zamu. Sikwenda peke yangu hata siku moja.

Sasa niseme kuhusu titi la kitambaa, maana hapo nina ujuzi.

Kikundi hugawa bure matiti ya kitambaa kwa waliotolewa. Wazo ni zuri na lina historia: muuguzi wetu alitusimulia habari za mwanamke wa New York, Terese Lasser, aliyetolewa titi mwaka 1952, akaanza kuwatembelea wodini wanawake waliotoka kukatwa kama yeye. Huduma yake ikaitwa Reach to Recovery, na mwaka 1969 chama cha saratani cha Marekani kikaichukua. Alikuwa akiwapelekea kamba na mpira wa mazoezi ya mkono, na titi la muda la kuweka ndani ya sidiria. Nilipenda kusikia kwamba zaidi ya miaka 70 iliyopita mtu aliwaza mkono na sidiria kwa pamoja.

Lakini titi nililopewa mimi lilikuwa limejazwa sufi tupu. Sufi ni laini, kovu linalipenda, ila haina uzito. Nikilivaa asubuhi, saa sita mchana limepanda karibu na bega, na upande wa pili unaning'inia peke yake. Mwili hujipinda kufuata uzito. Nilikuwa nimeanza kuumwa mgongo. Nikalifumua. Nikashona mfuko mdogo wa ndani wa kitambaa cha pamba chenye nyuzi za karibu, nikajaza mtama uliopepetwa, kidogo kidogo, nikisimama mbele ya kioo mpaka mabega yakawa sawa. Mzani wa duka la jirani ulisoma gramu 450. Mfuko nikauzungushia sufi ili punje zisiguse kovu, nyuma nikaweka zipu fupi, na ndani ya sidiria nikashonea mfuko wa kulishikilia. Mtama lazima utolewe kabla ya kufua. Ukilowa unaota, na kabla haujaota unanuka.

Nililipeleka kwenye kikao nikaogopa watachukulia nimewadharau waliojitolea kushona. Walinipa cherehani ya kikundi na wasaidizi wawili. Mpaka sasa tumeshona 40, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe. Kwa hilo nawapa alama zote. Kikundi kinachokubali kufumuliwa mshono wake ni kikundi cha kukaa nacho.

Yasiyonipendeza yapo. Ukumbi uko ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Mtu aliyetoka dripu juzi hapandi ngazi zile. Nimemwona mama amekaa kwenye ngazi ya pili ameshika reli, mkutano ukaisha yuko palepale, tukamshushia chai. Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, kikao cha muda wa saa mbili kilichukua saa tano kwa hotuba za wageni na picha, wengine wakapigwa picha bila kuulizwa. Waume hawana siku yao, na wangu alikuwa na maswali mengi kuliko mimi. Kuna mzee mmoja mwenye saratani ya titi, maana wanaume nao huipata ingawa ni wachache, naye kila salamu ikianza na "dada zangu" huinamisha kichwa. Kundi la WhatsApp lilikuwa likijaa matangazo ya majani ya mstafeli kama dawa usiku wa manane. Hilo wamelirekebisha: kuuza dawa ni marufuku, na mwenye mti wake shamba anaambiwa amuulize kwanza mfamasia wa kliniki.

Linaloniumiza ni jingine. Wanatuita washindi. Ukimaliza mionzi unapigiwa makofi, unavishwa kanga, unapewa maikrofoni useme namna ulivyoishinda. Nami nilisema, nililia kwa furaha. Mbele yangu alikaa mama wa Mbagala ambaye mwaka juzi alivishwa kanga ileile. Saratani yake imerudi, iko kwenye uti wa mgongo. Alipiga makofi pamoja na wengine. Kikao kilichofuata hakuja, wala cha baada yake. Nilimfuata kwake nikamkuta analala kwa kubadilisha mito kila mara. Akaniambia, "Sasa mimi nikae upande gani, mwenzangu? Wameshinda, mimi nimeshindwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sikuwa nimeliwaza hilo kabla. Mama yule humeza dawa kila siku, hupika, hugombana na wajukuu, ana mipango ya bati za nyumba yake. Hajashindwa kitu. Na mimi ninayemeza tamoxifen, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, miligramu 20 kila usiku, na nitaimeza miaka mitano au zaidi, sijui nimemshinda nani. Daftari la mlangoni, ambalo nimelisifu, halina mstari wa mtu ambaye ugonjwa umerudi au umesambaa. Kwa hiyo hakutafutiwa mwenzake. Walikuwepo wengine wawili wa hali hiyo kwenye kikundi, na hakuna aliyewakutanisha kwa sababu hakuna aliyetaka kulitamka.

Julai nilisimama kwenye kikao nikaomba mambo mawili: neno washindi liachwe, na mstari uongezwe. La pili lilipita siku ileile. Mama wa Mbagala ameshapata mwenzake, wanaongea kila jioni, na mara mbili wamekutana kliniki. La kwanza bado tunabishana. Wapo wanaosema neno lile ndilo lililowainua kitandani, nami siwezi kuwanyang'anya. Nimesema nitaendelea kulileta.

Ukitaka kujiunga, nenda na mtu wa kukushika mkono ngazini, na uandike daftarini kila kitu kwa ukweli, hasa jina la dawa. Ukificha, utapewa mwenzako asiyefanana nawe. Usisubiri umalize matibabu. Mimi ningekwenda wiki ya majibu kama ningejua.

Tangu Juni nami nimo kwenye orodha ya wanaopiga simu. Wa kwanza wangu ni mama wa Chanika, msusi wa mikeka, titi la kulia. Nilipompigia alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Ukindu unachoma vidole, dada. Nitasukaje?"