Kibandiko kizima, sauti ya bibi haipo

Nisiwe mwizi wa fadhila: miezi ya mwanzo kifaa hiki kilinifurahisha kuliko chombo chochote cha umeme nilichowahi kununua. Ni kisahani kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, pamoja na vibandiko vya RFID, yaani vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio, vya kubandika kwenye vitu vya nyumbani. Ukitua kitu juu ya kisahani, kompyuta inatenda uliloiagiza. Kwenye funguo zangu niliweka utabiri wa hali ya hewa, ambao haukunisaidia lolote. Kibandiko kimoja, hata hivyo, nilikibandika chini ya kikombe cha mwanangu (cha plastiki, kwa kuwa cha bati kilivuruga mawimbi), na mama yangu aliyeko Pangani akanirekodia kisa cha Sungura na Fisi, akianza kwa kumuuliza mjukuu wake, "Mume wangu, umeshakula?" Kila jioni mtoto alitua kikombe mwenyewe, akatulia, akamsikiliza bibi yake.

Jioni moja kikombe kilikaa kimya. Nilichomoa waya, nikauchomeka tena, nikasakinisha programu upya, wapi! Kumbe kampuni ilikuwa imezima seva zake, yaani kompyuta zake za mtandaoni. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo boksi halikulitaja kabisa: kibandiko kilibeba namba tu, na sauti ya mama yangu ilikuwa imehifadhiwa kwao, ilhali kompyuta yangu yenye nafasi tele ilikuwa shibiri moja kutoka kwenye kikombe.

Nilipowaandikia sikudai fedha, niliomba faili. Mhudumu alinijibu kwamba rekodi zote zimekwisha kufutwa, na kwamba vibandiko vyangu bado vinafaa endapo nitanunua kisahani kipya. Hata neno la pole hakuliandika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuhusu vibandiko alisema kweli, maana havina betri ya kuisha. Hupata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya kisomaji chenyewe. Juzi nilikigusisha kikombe kwenye simu yangu, na namba ikatokea papo hapo, ile ile.

Nilikusudia kutoa nyota tatu kwa heshima ya zile jioni, lakini nilipofika hapa nimefuta mbili. Mama amerekodi upya, na safari hii sauti iko ndani ya kompyuta yangu, nakala yake kwenye flashi. Mtoto amesikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa nini bibi hakumwita "mume wangu".